Mifupa ya Miaka Kumi na Tatu

Nina diploma ya mionzi. Naitaja mwanzoni kabisa kwa sababu ukoo wetu haukunichangia hata shati la kuvaa chuoni. Niliondoka Nkoma na cheti cha kidato cha nne, nikachoma vitumbua Dar es Salaam, nikajilipia ada, nikasoma, nikaajiriwa, kisha nikarudi Simiyu na mashine yangu mwenyewe ya eksirei. Kituo changu kiko Bariadi mjini. Kina vigae, kina kiyoyozi, na wagonjwa wananifuata kutoka Maswa wakati kwao nako kuna mashine. Walionicheka nilipoondoka wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri kuitwa, nami huwaita kwa zamu kama watu wengine.

Ninayoandika ni habari ya mtoto wa kaka yangu, na ya baba yetu mdogo aliyetaka kumfuta mtoto huyo katika ukoo. Ndugu wananiambia yameisha. Yameisha kwao.

Kaka yangu alioa msichana wa Meatu. Mahari ya ng'ombe ilitoka nyumbani kwetu Nkoma mchana kweupe, wazee wakaiswaga wenyewe mpaka ukweni, kwa hiyo hakuna asiyejua ndoa ile ilianza lini. Msimu uliofuata kaka alihama na mkewe kwenda Katavi kutafuta malisho, kama walivyofanya Wasukuma wengi. Mtoto wao wa kiume akazaliwa huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona akiwa mchanga. Kaka aliugua huko huko, akafariki, tukamzika huko. Mjane alibaki kwanza kuuguza huzuni yake, kisha akarudi kwetu na mtoto na ng'ombe wa marehemu.

Ng'ombe waliingia katika boma la baba mdogo. Baba yetu hayupo tena, na kwa mila yetu mali ya marehemu hukaa kwa mkubwa wa mji mpaka mrithi akue. Kwa hilo sikuwa na ugomvi.

Ugomvi ulianza mtoto alipoteremka kwenye lori. Mama yake alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba ana miaka saba, nami nilikuwa nimemnunulia kaptula ya shule ya mtoto wa miaka saba. Nikaishika ile kaptula mkononi nikiwa nimeduwaa. Aliyesimama mbele yangu alinifika begani. Alikuwa na chunusi usoni na kivuli cha sharubu juu ya mdomo.

"Mwangaluka, shangazi," akanisalimu, na sauti ikatoka nzito, kama ya kijana anayesukuma mkokoteni sokoni. Alipomaliza akafunika mdomo kwa kiganja. Baadaye niligundua kwamba ndivyo alivyoongea na kila mtu. Watoto wa njiani walikuwa wamemcheka sauti mpaka akajifunza kuificha.

"Wifi, huyu ni wa miaka saba kweli?" nikamuuliza mama yake pembeni.

"Wifi, na wewe?" akasema.  Nilielewa kwamba swali lile alikuwa ameshalijibu mara nyingi sana.

Baba yetu mdogo ni mtu wa minada. Tangu nikiwa mdogo, hakuna mnada wa ng'ombe aliokosa, na watu wa wilaya nzima humwita awasomee umri wa ng'ombe kabla hawajanunua. Ni mtu wa maneno, na maneno yake huchekesha, ndiyo maana huumiza. Niliporudi na diploma yangu alisema mbele za watu kwamba nimekwenda Dar kujifunza kupiga picha watu wakiwa wamenuna. Watu walicheka wiki nzima.

Aliitisha kikao uani kwake. Tulikuwepo mimi, wazee wawili wa ukoo, dada yake mkubwa ambaye ni shangazi yangu mimi, na mjane na mtoto.

"Ndoa haijafikisha miaka tisa," baba mdogo akasema. "Huyu ana sharubu. Zamani tulipima mtoto wa kuanza shule kwa kupitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Huyu atashika la jirani."

Wazee wakacheka.

"Mwanamke huyu alikuwa na mtoto kabla hajaolewa, akamficha kwao, akamchukua walipokwenda Katavi. Sisi tulitoa ng'ombe zetu tukanunua ndama wa mwenzetu. Mtoto si wetu. Ng'ombe za marehemu zitabaki kwa wenye damu."

Mjane alitoa kadi ya kliniki ya mtoto. Baba mdogo hakuipokea. "Kadi zinanunuliwa, mayu. Hata mimi nikitaka ya kuonyesha nimezaliwa juzi, nitaipata kabla ya saa sita."

Hapo nikasimama. Nilisema kwamba mimi nina mashine isiyonunuliwa. Nikaeleza kwamba mfupa wa mkono wa mtoto hukua kwa hatua, na kwamba mtu aliyesoma akipiga picha ya kiganja cha kushoto na kifundo chake anaweza kujua umri wa mifupa. Nikasema mashine yangu ikishasema, maneno yaishe.

"Yaishe," baba mdogo akaitikia haraka. "Mmesikia wote. Mashine ya binti yetu ikisema, yaishe."

Kesho yake nilimweka mtoto mkono juu ya meza ya mashine. Alitulia kuliko watu wazima wanavyotulia. Picha ilipotokea kwenye skrini nilifungua kitabu cha kulinganishia, chenye picha za mikono ya watoto wa kila umri, nikaanza kwenye saba. Haikufanana. Nikapanda kwenye tisa, kisha kumi na moja. Katika mfupa wa mtoto huwa kuna mstari mweusi kati ya kichwa cha mfupa na shina lake, na pale ndipo urefu unapotengenezwa. Mistari yake ilikuwa imebanwa, myembamba, kama ya kijana anayekaribia kuacha kukua. Nilisimama kwenye ukurasa wa miaka kumi na tatu na picha zikalingana.

Baba mdogo alikuwa kwenye benchi langu, amekuja mapema na kofia yake ya minadani, na wazee wawili pembeni yake. Sijawahi kusema uongo juu ya picha, na sikuanza siku ile.

"Mifupa ni ya miaka kumi na tatu," nikasema. "Lakini mtoto anaweza kuwa na saba na mifupa ikawa ya kumi na tatu. Kuna ugonjwa wa kubalehe mapema. Anatakiwa kwenda kwa daktari wa watoto Mwanza."

Alikuwa amesimama tangu niliposema kumi na tatu. "Nakushukuru, binti yangu. Umetusaidia sana. Kumbe ile shule haikuwa bure."

Akaondoka na mtoto. Nilimzuia mlangoni, akaniuliza kama sasa nimeanza kushindana na mashine yangu. Wagonjwa wote walikuwa wanasikiliza. Sikumbuki kama niliwahi kudhalilishwa hivyo Dar, mahali ambako watu hawanijui, halafu nije kudhalilishwa kwenye kituo changu chenye jina langu mlangoni.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuamua kwamba mtoto si wetu, alisema basi afanye kazi kama kijana mwingine yeyote anayelishwa pale. Akamtoa darasa la kwanza, alikokuwa ameandikishwa tangu wafike. Mwalimu hakubisha, maana hata yeye alikuwa amechoka kumweka dawati la nyuma kijana mwenye sharubu akisoma a, e, i, o, u. Msimu wa kulima ulipofika mtoto wa miaka saba akashika jembe la ng'ombe katika shamba la pamba, kuanzia alfajiri. Nilikwenda kumchukua, nikakuta geti la miiba limefungwa na baba mdogo amesimama ndani.

"Mfuate baba yake akupe ruhusa," akasema. "Kama unamjua."

Mama yake hakuondoka. Alilala kwenye kibanda cha jikoni ili awe karibu na mtoto. Ni yeye aliyenipigia simu siku mtoto alipoanguka kwenye matuta. Mtoto alikuwa na homa ya malaria tangu jana yake, akalimishwa hivyo hivyo, akatapika, akalegea mwili mzima, macho yakageuka. Baba mdogo alisema ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Mama akambeba. Hebu fikiria mwanamke mfupi, mwembamba, amembeba mtoto anayekaribia kumzidi urefu, akitembea naye mpaka zahanati.

Niliendesha gari langu mwenyewe. Nilimkuta ametundikiwa maji, nikamchukua na dripu yake, tukaenda hospitali kubwa Mwanza bila kusimama.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mtaratibu. Alimchunguza mtoto kwa heshima, akamwomba ruhusa kila alipotaka kumgusa, akapima sukari, chumvi za damu na homoni, akaagiza ultrasound ya tumbo. Majibu mengine yalisubiriwa kutoka Dar, lakini alianza dawa siku ile ile. Akatuita mimi na mama yake, akatuchorea figo mbili, na juu ya kila figo kofia ndogo.

"Hizi ni tezi," akasema. "Mtoto huyu amezaliwa na upungufu. Tezi zake zinashindwa kutengeneza homoni inayomsaidia mtu kuhimili ugonjwa na uchovu, na badala yake zinamwaga homoni za kiume kwa wingi. Ndiyo maana ana sauti hiyo. Ni mtoto, mama. Akili yake ni ya mtoto, moyo wake ni wa mtoto. Mwili umeharakishwa."

Dawa yake ni vidonge vidogo vya kila siku, asubuhi, mchana na jioni, maisha yake yote. Akipata homa huongezwa. Havikatishwi ghafla hata siku moja. Daktari alilirudia hilo mpaka mama akalisema mwenyewe kwa mdomo wake.

"Na urefu?" nikauliza. Nilikuwa naijua ile mistari.

"Sasa ni mrefu kuliko wenzake. Mistari ikifunga mapema atasimama hapo, na wenzake watampita. Tutajitahidi kuichelewesha. Mngemleta mapema zaidi tungeokoa zaidi. Na kufanyishwa kazi na malaria bila dawa hii, mngeweza kumpoteza."

Nilimwambia ukweli wa mambo yote, na kuhusu kikao, na kuhusu picha yangu. Akatikisa kichwa. "Picha yako haikukosea. Homoni zimekimbiza mifupa." Akamgeukia mtoto, akamwomba afungue mdomo, akaangaza tochi. "Meno ndiyo hayakimbizwi hivyo. Meno yanakuja karibu na wakati wake. Angalia hapa, haya ya nyuma karibu yote bado ni ya utoto."

Mama alifurahi. Mimi nilimkumbuka baba mdogo mnadani, amemshika dume mdomo wa chini akimsoma umri.

Cheti cha daktari angekiita karatasi ya kununua. Mashine nilikuwa nimeshaitumia. Lakini kuna kazi moja ambayo mtu yule hakuwahi kukubali kwamba amekosea hata mara moja, na nilitaka aifanye yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya watu.

Kwanza nilimwambia mtoto. Alikuwa ameshapata nguvu, anakaa kwangu Bariadi na mama yake, anakula vidonge vyake bila kukumbushwa. Nikamweleza kwamba nataka guku wake, yaani babu yake, amwangalie meno kama anavyoangalia ya ng'ombe, na kwamba akikataa sitamlaumu.

Akafikiri. "Nikimng'ata?"

"Usimng'ate mpaka aseme."

Niliomba kikao bomani kwa baba mdogo siku ya Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa nyumbani. Shangazi yangu aliniunga mkono, maana tangu mtoto aanguke shambani alikuwa hali chakula kwa kaka yake. Walikuja wazee, walikuja majirani, na walikuja wanunuzi wawili wa ng'ombe waliokuwa na shughuli na baba mdogo. Hao ndio niliowataka zaidi.

Nilianza kwa upole ambao watu wanaonijua wangeutilia shaka. Nikaonyesha mtamba mmoja kati ya ng'ombe za kaka, mkubwa, mnene, aliyelishwa mashudu ya pamba. Nikasema mtu mmoja Bariadi ameniambia ng'ombe yule ana miaka mitano na ameanza kuzeeka.

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Mtu wa Bariadi. Amekulia kwenye lami huyo." Akamwendea mtamba, akamshika pua kwa mkono mmoja, akafunua mdomo wa chini kwa mwingine. "Njooni muone. Meno ya maziwa haya, hata jozi moja haijabadilika. Hajafika miaka miwili. Mwili? Mwili ni mashudu. Mpe ndama mashudu atakuwa kama tembo. Pembe zitakudanganya, mgongo utakudanganya. Mimi siangalii mwili. Naangalia mdomoni."

"Hujawahi kukosea?" nikauliza.

"Waulize hawa."

Wanunuzi wakasema hajawahi.

Nikamshika mtoto mkono, nikamleta mbele yake. "Basi angalia na huyu, baba mdogo."

 Alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa yote kwa mara moja. Akili anazo, sikuwahi kusema hana.

"Mtu si ng'ombe," akasema.

"Ulimfunga kwenye jembe pamoja nao," shangazi yangu akasema kutoka kwenye mkeka. "Angalia."

"Meno ya mbele alipigwa teke na ng'ombe, mama yake mwenyewe alisema..."

"Sikusema," mjane akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza katika kikao chochote cha ukoo wetu.

Mtoto aliondoa kiganja mdomoni. Akafungua. Baba mdogo akainama, na mikono yake ikafanya kile ilichozoea: kidole gumba kikaushusha mdomo wa chini, kidole kingine kikagusa meno moja baada ya jingine. Mawili ya katikati yalikuwa mapya, mapana. Ya pembeni yake madogo, meupe. Kidole kilipofika kwenye mojawapo, jino likayumba, na kabla hajautoa mkono likang'oka, likabaki kwenye kiganja chake. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, halina mzizi.

Mnunuzi mmoja alisogea, akachungulia. "La maziwa hilo, mzee."

"Endelea nyuma," nikasema.

Akaendelea nyuma. Alikaa muda mrefu akitazama magego, na sidhani kama alikuwa anaangalia. Alikuwa anatafuta neno.

"Sema," shangazi akamwambia.

"Ya maziwa."

"Yote?"

"Yote ya huku. La mwisho tu ndilo jipya, na halijamaliza kutoka."

"Kwa hiyo ana miaka mingapi, mtaalamu wetu?" Hilo niliuliza mimi, na nililifurahia kila herufi.

Akasema saba. Akasema labda nane. Mtoto alifunga mdomo, akatema damu kidogo pembeni, akaniambia kwa ile sauti yake nzito, "Shangazi, sikumng'ata." Watu wakacheka, lakini safari hii hawakumcheka yeye.

Wazee waliamua pale pale. Mtoto ni wa kaka yangu, ng'ombe ni wake, mama yake atakaa anapotaka. Shangazi akaagiza baba mdogo aziswage mwenyewe zile ng'ombe mpaka malishoni kwangu nje ya Bariadi, nami nikachagua siku ya mnada, ili apite barabarani watu wote wakiwa nje. Alipita. Nilikaa kwenye kiti mbele ya kituo changu nikimwangalia anavyokuja nyuma ya kundi na fimbo yake. Aliniamkia. Nikaitikia mhola, basi.

Baada ya hapo walileta mambo ya upatanisho. Baba mdogo alimtuma mzee mmoja na mbuzi. Nilimrudisha mbuzi. Msimu wa kilimo alioutumia kumlimisha mtoto ulikwisha ndani ya mifupa ile, na mimi ninaona ulipokwisha kila ninapompiga picha. Mbuzi hawezi kurudisha sentimita. Shangazi akaniuliza basi nataka nini, maana ukoo hauwezi kukaa umepasuka. Nikasema nataka kila tunapokwenda kliniki Mwanza, baba mdogo ndiye ampeleke.

"Mimi?" akasema alipoletwa mbele yangu. "Mzee mzima nikakae kwenye foleni ya akina mama na watoto?"

"Ndiyo."

"Mama yake yupo, wewe upo na gari."

"Mama yake amechoka. Nitawaendesha. Ndani utaingia wewe."

Shangazi akasema imekubalika.

Safari ya kwanza alivaa koti lake la harusi. Kwenye benchi la kliniki alikaa katikati ya wanawake wanaonyonyesha, na mtoto mmoja akamshika koti kwa mikono yenye uji. Mtoto wetu alikuwa ameegemea bega lake, amesinzia, kwa sababu yeye hana kisasi, kile ni changu. Jina lilipoitwa tuliingia watatu, nami nikasimama nyuma karibu na mlango.

Muuguzi alikuwa msichana mdogo, anaandika bila kuinua macho. "Umri wa mtoto?"

Baba mdogo akageuka kunitazama. Nikatazama kalenda ya ukutani.

"Saba," akasema. "Anakwenda nane."

"Wewe ni nani wake?"

Feni ilikuwa inapiga kelele, na alilisema chini kabisa, kwenye kola ya koti.

"Sikusikia, mzee. Ongea kwa sauti."

"Babu yake," baba mdogo akasema. "Ni mtoto wa mtoto wa kaka yangu. Ni damu yetu."

Muuguzi akaandika. Mimi nikamwambia mzee avute kiti akae, maana daktari alikuwa bado hajafika, na akifika atamuuliza tena.